Siku Niliyomwambia Nyaga Kwamba Binti Yake Hatulii

Tangu nistaafu, neno ninaloambiwa kuliko jingine lolote ni "tulia." Binti yangu aliyeolewa Nkubu hunipigia simu kila Jumapili akitoka kanisani: "Mami, kazi umemaliza, sasa tulia." Daktari wa goti amesema nitulie. Jirani yangu hapa Kanyakine akiniona nimesimama langoni nikitazama barabara isiyokuwa na mtu, huuliza kama kuna mgeni ninayemngoja, nami humjibu hapana, naye hushangaa.

Ninawaandikia ninyi vijana wa chuo changu cha zamani nikiwa nimesimama. Karatasi iko juu ya kabati la vyombo. Nikikaa kwenye kiti nitaliona begi, na leo sitaki kuliona. Liko kando ya mlango wa sebule, limejaa nusu. Asubuhi nimetia sweta, nikalitoa, nikalitia tena.

Jambo lenyewe ni hili. Mwanafunzi wangu wa zamani, Rwamba, anafundisha Chile, ile nchi ndefu nyembamba inayoshuka ubavuni mwa Amerika ya Kusini. Amenialika niende nikae kwake na nizungumze na wanafunzi wake. Chumba kipo tayari, anachongoja ni jibu langu, na anataka jibu kabla ya wiki hii kwisha. Wanangu wamesema hapana. Mimi sijasema ndiyo wala hapana. Nimezunguka nyumba hii tangu Jumatatu, na badala ya kumjibu Rwamba nimeshika kalamu niwaandikie ninyi, ambao hamkuniuliza kitu.

Nilifundisha Kihispania katika chuo kimoja mjini Embu mpaka nywele zikawa nyeupe. Si lugha peke yake. Nilifundisha siasa na sanaa za watu wanaoisema: kwa nini hapa walichora kutani, kule wakaimba, kule kwingine wakacheza michezo ya kuigiza kwenye gereji iliyofungwa mlango. Wazazi walikuwa wakija siku ya kufungua chuo wananiuliza, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, na hii Kihispania ni ya nini hapa Embu?" Mwanzoni nilikuwa na jibu refu. Baadaye nilijifunza kusema, "Mlete mtoto, tutaona," na wengi waliwaleta.

Aliyenitia mimi katika mambo haya alikuwa padri. Nilikuwa msichana tu, mwalimu asiye na cheti katika shule ya msingi ya misheni, na pale misheni kulikuwa na Fada Anselmo, Mhispania aliyependa nyanya kuliko watu. "Muga, mwalimu," alikuwa akinisalimu kwa Kimeru, kisha anarudi kwenye nyanya zake. Alinifundisha Kihispania jioni jioni kwa sababu alichoka kuzungumza peke yake. Alishangaa sana kwamba "b" yangu ilikuwa sawasawa tangu siku ya kwanza. Sisi tuliolelewa kwa Kimeru hatuifungi midomo yote tukisema "b", tunaiachia upepo kidogo, na Wahispania nao ni hivyo hivyo. Aliniambia ninasema neno "lobo", yaani mbwa mwitu, kama nyanya yake mzaa mama. Sikuwahi kusifiwa hivyo shuleni, nikavimba kichwa kwa wiki nzima.

Sasa, Fada alikuwa na wimbo. Alikuwa akiuimba kwa pua akifunga mashina ya nyanya kwenye vijiti, na kila akifika mahali fulani, alikata. Hakuumalizia hata siku moja. Mtu mwingine angedhani amesahau. Mimi kitu kama hicho huniwasha mwilini.

"Fada, mbona unaukata wimbo hapo kila siku?"

Alikaza fundo la kamba ya mgomba.

"Baba yangu alikata hapo."

"Kwa nini?"

"Nyumba yetu ilikuwa na dirisha barabarani. Mtu akipita, baba ananyamaza. Nyimbo zingine zilikuwa na matata na serikali wakati ule. Mimi nilijifunza wimbo pamoja na kunyamaza kwake. Maneno yanayofuata siyajui, mwalimu."

Akarudi kwenye nyanya. Mimi usingizi uliniruka. Nilitaka kujua ni wimbo gani unaoweza kumtisha mtu mzima ndani ya nyumba yake mwenyewe, na nani alikuwa akipita pale dirishani. Ndivyo kazi yangu yote ilivyoanza, na kama kuna jambo moja la kazi ninalotaka mchukue hapa ni hilo. Mkitaka kuijua nchi, msianze na bendera wala na majina ya marais. Sikilizeni watu wanapoimba, mwone ni wapi wanashusha sauti. Hapo ndipo pa kuchimba.

Miaka mingi baadaye niliupata wimbo mzima kwenye kaseti ya mtu. Nikampelekea. Wakati huo Fada alikuwa amezeeka na nyanya alizitazama kutoka kitini. Tulisikiliza pamoja mpaka ukafika pale pa kukatia, naye akanyoosha mkono akazima redio. "Asante, mwalimu," alisema. "Nyingine tutasikia kesho." Haikupita muda wakamrudisha kwao kwa matibabu, na hakurudi. Kaseti ninayo. Nimeisikiliza mpaka mwisho mara nyingi, na kila mara ninamkasirikia kidogo kwa ile kesho yake.

Ninyi mna bahati na mna hasara. Bahati ni kwamba mkitaka kuona ukuta uliochorwa leo asubuhi Bogota, mnauona kwenye simu kabla chai haijapoa. Sisi tulisoma magazeti yaliyofungiwa mizigo. Dada yake Fada alikuwa akimtumia soseji zilizokaushwa, amezifunga kwa magazeti ya kwao, na Fada akila soseji, mimi nilipewa magazeti. Nilisoma habari za michezo ya kuigiza kupitia madoa ya mafuta. Mahali penye doa kubwa herufi za upande wa pili zilipenya, nikasoma tamthilia imechanganyika na bei ya vitunguu. Lakini kwa kuwa sikuwa na karatasi nyingine, niliisoma hiyo hiyo mpaka nikaielewa. Wanafunzi wangu wa miaka ya mwisho walinionyesha picha arobaini kwa dakika moja, na nikiwauliza kwenye ile ya tatu kulikuwa na nini, walicheka. Hasara ndiyo hiyo.

Darasani tulicheka sana, niseme ukweli. Waembu wangu walikuwa na vita vyao na "l" na "r". Kwa Kihispania, "pero" ni lakini, "perro" lenye r nzito ni mbwa, na "pelo" ni nywele. Kuna kijana kutoka Karurumo, hodari kabisa katika historia ya vyama vya wafanyakazi, aliyesimama mbele ya darasa akatueleza kwa Kihispania kwamba nyumbani kwao kuna nywele mbili kali, zinazobweka wageni wakija. Nilimfundisha hivi, nanyi mjaribu: kwa "l" ulimi ushike nyuma ya meno na usiachie; kwa "rr" fikiria pikipiki inayokataa kuwaka. Alifanya mazoezi ya pikipiki akienda nyumbani na watu wa Karurumo wakamwonea huruma. Baadaye alisema "perro" vizuri kuliko mimi.

Lakini neno lililonichoma mimi ni jingine, na halikuwa gumu kutamka. Ni "inquietud". Kamusi zinasema ni hali ya kutotulia, wasiwasi. Lakini Mhispania akisema mtu fulani ana "inquietudes", anamsifu. Ana maana kwamba mtu huyo kuna mambo yanayomwasha, anataka kujua, anataka kuandika, kuchora, kuuliza maswali, hakubali kukaa tu. Niliposoma maana hiyo nilikuwa peke yangu maktabani na nilitaka kulia. Maisha yangu yote nilikuwa nimeambiwa nina ugonjwa, kumbe kuna watu wana jina zuri la kuuita.

Nikalipeleka darasani. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: KUTOTULIA. Nikawaambia hicho ndicho kitu ninachotafuta kwa kila anayeingia humo, na anayetaka kutulia aende akasome kitu kingine. Likawa neno letu. Nikiingia nilikuwa nikiwauliza, "Mmetulia?" nao wanajibu pamoja, "Hatujatulia, Madam." Walimu wa vyumba vya jirani walilalamika kwa mkuu wa chuo. Tulilitumia namna hiyo kwa miaka, na mimi nikasahau kabisa kwamba nje ya mlango ule neno hilo lina kazi nyingine.

Rwamba alitoka Kiritiri, upande wa Mbeere kwenye joto, binti wa Nyaga mfanyabiashara wa mbuzi. Nitawaambia alivyokuwa. Ukimwonyesha picha ya wanawake wanaoandamana, wenzake wanatazama mabango, yeye anauliza, "Madam, hawa watoto wao wamewaacha na nani?" Kisha anaenda kulitafuta jibu na analipata. Nilimpenda kama nilivyompenda mwanangu, na nilimwonea wivu pia, kwa sababu alikuwa na miguu mipya.

Profesa mmoja wa Chile, Inés, mwanamke tuliyekuwa tukiandikiana, alisoma kazi ya Rwamba na akamtafutia nafasi ya kusoma huko, akae nyumbani kwake. Kila kitu kilikuwa tayari ila baba. Nyaga alisema hampeleki mtoto kwa mtu ambaye hajamwona uso. Basi tukapatana: nitakwenda Kiritiri na Rwamba, tumpigie Profesa kwa simu ya picha, aongee na wazazi, na mimi nitafsiri. Jibu lingetolewa siku hiyo hiyo, kwa sababu Profesa hangeweza kuishikilia nafasi tena.

Tulipokewa vizuri sana. Kulikuwa na mbuzi wa kahawia mwenye sikio moja jeupe, amefungwa kwenye nguzo ya ghala, na kisu kilikuwa kimekwisha kunolewa. Nyaga alikuwa amemwita jirani yake, mzee wa kanisa, aje ashuhudie. Mama Rwamba alileta chai. Mtandao ulipatikana upande mmoja tu wa uwanja, karibu na ghala, kwa hiyo viti vyote vikahamishwa tukaketi pale na mbuzi. Simu tukaiegemeza kwenye mkebe wa sukari.

Profesa akatokea, nywele za kijivu, kwao ilikuwa bado asubuhi. Alisalimia, akaomba radhi kwa kukosa Kiswahili, akasema nyumba yake ni salama na ana chumba chenye kufuli. Nikatafsiri. Nyaga akatikisa kichwa kwa kuridhika. Aliuliza kama huyo mama anaenda kanisa, Profesa akasema mama yake ndiye anayekwenda, nikatafsiri kwamba nyumbani kwake wanaenda. Mambo yalikuwa mazuri. Kisha Profesa akasogea karibu na simu, uso wake ukajaa upendo, akasema Rwamba ana "muchas inquietudes", na akalirudia neno hilo.

Nami nikatafsiri kwa sauti ya furaha, "Anasema Rwamba hatulii."

Vikombe vikasimama hewani. Mimi sikuona kitu. Nilidhani hawajanisikia, nikaongeza, "Hatulii hata kidogo. Anasema hicho ndicho kilichomfurahisha kuliko vyote."

Mzee wa kanisa akakohoa ndani ya kikombe. Kwenye mkebe wa sukari, Profesa alikuwa akitabasamu na kukubali kwa kichwa.

Ninyi mnajua. Kutoka Kiritiri mpaka Maua, mtu akija kuulizia binti wa watu, kitu cha kwanza anachoambiwa ni "huyo ametulia". Na asiyetulia kila mtu anajua anazungukazunguka wapi na kwa nani. Nilikuwa nimeketi kwenye uwanja wa Nyaga, mbele ya mzee wa kanisa, nikasema binti yake ni wa namna hiyo, na kwamba habari zimefika Chile.

"Huyo mama amejuaje?" Nyaga aliuliza polepole.

"Baba, si hivyo," Rwamba alisema. "Madam anamaanisha kitu ingine."

"Wewe nyamaza. Mwalimu, hiyo maneno umesema, ni huyo mama amesema ama ni wewe?"

"Mzee Nyaga, ni neno la Kihispania, lina maana nzuri kabisa."

"Hiyo nimesikia ilikuwa Kiswahili."

Akainuka. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alienda kwenye nguzo ya ghala, akamfungua yule mbuzi, akamwongoza zizini. Profesa akaniuliza kuna nini, nikamwambia nimekosea neno. Akauliza mbuzi anaenda wapi. Nilimtazama Rwamba, amekaza macho kwenye udongo. Safari yake nzima nilikuwa nimeibomoa kwa neno nililolipenda kuliko yote.

Nyaga aliporudi nilianza kueleza, na nilieleza vibaya. Nilisema habari za fikra na utamaduni na kiu ya maarifa. Nilitumia maneno ya chuoni, na kila neno lilifanya uso wake uzidi kukunjana. Aliyeniokoa ni mama Rwamba, na wala hakuwa akizungumza na mimi. Alikuwa akikusanya vikombe.

"Baba Rwamba," alisema, "na wewe ulitulia lini?"

"Nini?"

"Nauliza tu. Nikiolewa hapa nilikuona wiki ngapi? Leo uko Embu, kesho uko Meru na mbuzi. Ukilala hapa siku mbili unaanza kuhesabu mabati. Mama yako aliniambia nivumilie, uliumbwa na miguu inawasha. Mwalimu anasema huyu ameumbwa hivyo. Sasa alitoa kwa nani?"

Mzee wa kanisa akacheka, akajizuia. Nyaga akakaa. Alimwangalia binti yake kwa muda.

"Haya. Kama si hiyo ya wanaume, ni nini inakuwasha? Niambie mwenyewe, si mwalimu."

Rwamba hakujibu kwa mdomo. Aliingia jikoni akatoka na sufuria tupu na mwiko, akasimama katikati ya uwanja, akaanza kupiga. Mbuzi wote wakageuka. Kwenye simu, Profesa akaweka mkono kifuani.

"Kule kwao, Baba," Rwamba alisema alipoacha, "wamama wakikosa kusikizwa wanapiga hii. Anaanza mmoja dirishani, mwingine anajibu, mpaka mji mzima unalia. Halafu watu wa nyimbo wanachukua hiyo sauti wanaimbia, wa kuchora wanachora masufuria, na wale wakubwa wanaogopa. Wana bunduki lakini wanaogopa sufuria. Mimi nataka kujua inafanyikaje. Hiyo tu ndiyo inaninyima usingizi."

Mama Rwamba alikuwa amesimama na vikombe.

"Hiyo si ni ile tulifanyia malori ya mchanga?"

"Malori gani?" Nyaga aliuliza.

"Yale yalikuwa yanamaliza mto. Tulienda na madebe tukajipanga barabara. Tulipiga mpaka madereva wakageuza. Na kulikuwa na wimbo."

"Mimi nilijua ni chifu alizuia."

"Chifu alikuja tumemaliza. Wewe ulikuwa Meru na mbuzi."

Rwamba alikuwa amemgeukia mama yake na sura ambayo sijawahi kuiona kwa mwanafunzi. Hakuwahi kuisikia habari ile. Alimwomba auimbe ule wimbo. Mama yake aliimba kidogo kwa Kimbeere, vikombe mkononi, kisha akakata, akasema uliobaki una matusi ya tajiri wa malori na mzee wa kanisa yupo. Mimi nilimkumbuka Fada na kamba yake ya mgomba, nikainama nijifanye ninafunga kiatu.

Nyaga alikaa akitafuna ulimi. Kisha akanigeukia mimi, na nilijua anachokuja nacho kabla hajafungua mdomo.

"Mwalimu. Hiyo nchi umefundisha hawa watoto miaka yote. Wewe umefika huko?"

"Hapana."

"Chile hapana. Hata ile ya padri, Uhispania?"

"Hata Uhispania. Sijafika popote wanaposema Kihispania."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Mara ya kwanza nilipoitwa nilikuwa na mimba. Mara ya pili mume wangu alikuwa mgonjwa, na mwaka huo nikamzika. Mara ya tatu hakukuwa na sababu, nilisema nitaenda mwaka unaofuata, na mwaka unaofuata sikuitwa. Nilisema, "Mzee Nyaga, usinitazame mimi kama mfano. Ukimshika huyu leo atakuwa mzuri sana wa kufundisha mahali asipopajua."

Profesa alikuwa akituangalia kutoka kwenye sukari, haelewi kitu, na hakukata simu. Nitamheshimu kwa hilo mpaka nife.

"Mtoto ataenda," Nyaga alisema mwishowe. "Mwambie huyo mama. Na umwambie kwa Kihispania peke yake, Kiswahili wacha."

Rwamba alimkumbatia mama yake na sufuria katikati. Mimi nikadhani mbuzi atatolewa tena zizini, nikasema kwa mzaha kwamba sikio lile jeupe linaniangalia. Nyaga akatikisa kichwa.

"Huyo amerudi na amerudi. Leo tutakula ndengu. Mbuzi yako, mwalimu, nitachinja siku wewe utaenda."

Tukala ndengu na chapati. Zilikuwa nzuri, na niliona haya kwa kila tonge.

Mengine mnaweza kuyadhani. Rwamba alikwenda. Jambo la kwanza aliloandika huko halikuwa juu ya Chile, lilikuwa juu ya madebe ya Kiritiri na masufuria ya huko yakiwekwa pamoja, na Inés aliniambia watu ukumbini waliusikiliza mpaka mwisho wimbo wa mama yake, uliorekodiwa kwa simu, pamoja na matusi. Hilo nalo ni fundisho: mnachosoma cha mbali kitawarudisha jikoni kwenu, na mkifika hapo msione aibu kupaandika. Na kabla hamjalitafsiri neno, ulizeni mtakayemwambia ana binti.

Nilitaka kuandika hapa habari za wachoraji wa kutani, nilikuwa nimezitengea nafasi, lakini kuna mtu anabisha langoni na ng'ombe amekwisha kuchachamaa. Ngojeni.

Nimerudi. Jua limehama upande wa pili wa nyumba.

Alikuwa Nyaga. Sijamwona tangu tulipomsindikiza Rwamba. Amezeeka, mashavu yameingia, lakini bado anatafuna muguka wake, yale majani ya kufukuza usingizi, na miguu yake haisimami mahali pamoja. Alikuwa ameshika kamba, na kwenye kamba kulikuwa na mbuzi mchanga wa kahawia. Sikio moja jeupe.

"Si yule," alisema kabla sijauliza. "Yule alikufa na uzee akikungoja. Huyu ni mjukuu wake."

"Mzee Nyaga, karibu. Nani amekuambia ninaenda?"

"Hakuna mtu ameniambia. Rwamba amesema hujajibu. Nikaona nikikungoja tena, hata mimi nitakufa."

"Watoto wangu wanataka nikae. Goti ni bovu. Na ng'ombe nimwachie nani?"

Alimfunga mbuzi kwenye mti wangu wa kwanza wa kahawa karibu na mlango, akafunga fundo mara mbili, akanyoosha mgongo. Kisha akanitazama kwa uso wa mzaha ambao sikujua kwamba anao, na akasema kitu ambacho bila shaka alifundishwa na binti yake.

"Madam. Umetulia?"

Kwenye chuo kile nililiuliza swali hilo kwa miaka, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi. Nilisimama kwenye mlango wangu.

"Sijatulia," nikamwambia.

"Basi lete kisu."

Nikapita kando ya begi, nikaenda jikoni.

Kwa hiyo niwieni radhi, vijana. Karatasi hii ya mwisho mnaona ina madoa pembeni, na mahali pengine herufi za upande wa pili zimepenya. Ni mafuta. Isomeni hivyo hivyo mpaka mwelewe.